Jogoo wa Strasbourg

Mwaka ule tulikuwa Ujerumani, wageni wa usharika rafiki, katika mji mdogo wa Kehl ulio mpakani. Siku moja wenyeji wetu wakatuambia, "Leo hakuna ratiba. Nendeni mkatembee." Tukapanda tramu, tukavuka mto Rhine, na kabla hatujamaliza kushangaa tukawa Ufaransa, katika mji wa Strasbourg.

Hatukuwa na haraka. Tulizunguka mitaa ya Petite France, tukitazama nyumba za kale zenye mbao ukutani na maji ya mto Ill yakipita katikati yake. Njaa ilipouma tukaingia supamaketi, maana bei za mikahawa zilitutisha. Humo tulikaa karibu saa nzima. Jibini peke yake ilijaza ukuta! Tulinusa moja iitwayo Munster, ya huko huko Alsace, tukacheka: ilinuka kama zizi la mbuzi. Tukairudisha. Tukachukua mkate mrefu, jibini ya Comté, matofaa mawili na pakiti ya madeleine, yaani vikeki vidogo vyenye umbo la kombe.

Tukaketi kando ya mto. Karibu nasi vijana kadhaa walikuwa wakila na kucheka. Nyumbani sisi ni wazee wa kanisa. Hatuli hata muhogo wa kuchoma bila kuomba. Siku ile tulitazamana. Mmoja wetu akajikuna paji la uso, mwingine akafumba macho kama aliyeingiwa na vumbi.

"Tule tu," tukaambiana. "Hapa hakuna anayetujua."

Tukala.

Saa sita na nusu mchana tulikuwa ndani ya Kanisa Kuu la Notre-Dame, mbele ya saa yake kubwa, ambayo mitambo yake ya sasa iliundwa karne ya 19. Wakati huo sanamu za mitume hupita mbele ya Kristo, naye huwabariki. Wakiwa wanapita, jogoo aliye juu hupiga mabawa na kuwika mara tatu.

Watu waliinua simu wapige picha. Sisi hatukuinua. Petro alikana kando ya moto, usiku wa hatari. Sisi tulikuwa kando ya mto, mchana kweupe, karibu na vijana ambao hawakutuuliza neno. Yeye alisema hamjui Bwana wake. Sisi tulifurahi kwamba hatujulikani. Tukajiuliza: miaka yote ile mezani, tulikuwa tunaomba mbele za Mungu au mbele za washarika wenzetu?

Tulitembea muda mrefu bila kusemezana.

Jioni, kituoni, zilikuwa zimebaki madeleine. Watu walikuwa wengi. Tukainamisha vichwa, tukaomba kwa Kiswahili, kwa sauti yetu ya kila siku: tukashukuru kwa vikeki vile, kwa mkate wa mchana tuliokula kimya, na tukawaombea vijana wale. Hakuna aliyegeuka kututazama. Tulikuwa tumemwogopa nani?

Tulipofumbua macho, tramu yetu ilikuwa imeondoka. Tukasubiri nyingine, tukila polepole.