Posho moja juu ya Lualaba



Vakansi kubwa imeanza, masomo yamefungwa na mvua imekatika. Kila mwaka wakati kama huu Lualaba inashuka, mchanga unatokea katikati ya maji, na Kindu yote inajaa vumbi. Wengi wetu tulizaliwa kando ya mto huu, lakini tunauona kama barabara tu. Tunavuka kwenda Alunguli kwa kazi, kwa soko au kwa matanga, tunalipa mpiga kafi, tunashuka, tunasahau. Ndiyo maana sita kati yetu tulipatana kwamba siku moja ya posho hatutavuka. Tutateremka tu, pole pole, tufuate maji.

Hatukugusa pesa za likelemba. Kila mmoja alitoa zake, na chakula tuligawana: mmoja alileta wali wa mchele wetu wa Maniema, mwingine sombe iliyopikwa na mawese, mwingine samaki wa moshi, mwingine ndizi mbivu na termosi ya chai. Tulipata mtumbwi wa papa mmoja Mgenya, mtu wa umri, ambaye tangu utoto hajafanya kazi nyingine isipokuwa ya maji. Alikuja na mke wake, kwa sababu, alisema, wamama sita bila mama mwenzao wa mtoni watamsumbua kwa maswali. Tulikodi jileti kwa kila mtu. Mwenzetu mshonaji alilalamika kwamba jileti inaharibu kikwembe chake kipya, lakini aliivaa.

Tulitoka saa mbili ya asubuhi. Mwanzo papa alipiga kafi kwa nguvu ili atutoe kwenye fujo ya ukingoni, kati ya baleinieri zilizofungwa, bidoni za mawese, wabeba mizigo na watoto wanaooga. Tulipofika kwenye mkondo alilaza kafi juu ya magoti. Tukamuuliza kama amechoka. Akajibu: «Sasa anafanya kazi mto. Mimi naangalia tu.»

Na kweli, toka hapo aligusa maji mara moja moja tu ili kunyoosha pua ya mtumbwi. Sauti za mji zilibaki nyuma, moja baada ya nyingine: kwanza motopampu, kisha pikipiki, kisha redio. Tulibaki na sauti ya maji chini ya mbao. Ni jambo dogo, lakini wenye watoto watano nyumbani wanajua kwamba kukaa saa nzima bila mtu kuita «Mama!» ni mapumziko makubwa kuliko kulala.

Tuliona vitu ambavyo mtu anayevuka kwa haraka hawezi kuona. Majani ya maji yanaelea kama visiwa vidogo, yana maua ya rangi ya zambarau, na ndege wembamba wanatembea juu yake bila kuzama. Kuna ndege mwingine, mweusi na mweupe, anayesimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha anajitupa kichwa mbele na kutoka na samaki. Kwenye mchanga wavuvi wamejenga vibanda vya majani vya msimu wa kiangazi, na moshi wa kukausha samaki unapanda mbele ya kila kibanda. Maji yatakaporudi, hakuna kibanda hata kimoja kitakachobaki.

Tulizungumza yote. Bei ya mchele, mitihani ya Serikali, bwana-arusi mmoja anayechelewesha mahari, dawa ya nywele zinazokatika. Kisha mmoja akauliza swali la mtoto: kama tungelala humu tusirudi, maji yangetufikisha wapi?

Jibu ni refu. Toka Kindu Lualaba inapanda kuelekea kaskazini mpaka Ubundu, karibu kilomita 300 ambazo mashua zinaweza kupita. Hapo zinasimama, kwa sababu kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, na njia ya reli ya kilomita 125 ilijengwa kwa ajili ya watu na mizigo. Katikati ya safari hiyo mto unavuka mstari wa ikweta. Kisangani ndipo unapoacha jina la Lualaba na kuitwa Kongo. Kisha unapinda kwenda magharibi, unapita Mbandaka, unavuka ikweta mara ya pili, unapita Kinshasa, na unaingia baharini karibu na Moanda. Wazungu wa zamani walipotea sana hapa. Livingstone, alipofika Nyangwe mwaka wa 1871, alitumaini kwamba Lualaba ni Nile. Ni Stanley aliyetoka Nyangwe mwishoni mwa 1876, akafuata maji mpaka Boma mwaka wa 1877, na mambo yakajulikana. Wagenya, waliomwuzia Livingstone chakula, walikuwa wanajua mto wao bila kungoja mtu wa ramani.

Karibu na saa sita papa alitupandisha juu ya mchanga mkubwa katikati ya mto. Tulitandika vikwembe, tukala, tukalala kidogo. Tulipoamka, mke wa papa alikuwa ndani ya maji. Hakuwa anaoga ukingoni kama sisi tunavyofanya, na ndoo. Alikuwa mbali, mahali pa kina, kichwa tu kinaonekana, anazunguka bila haraka kama mtu anayetembea katika shamba lake. Mama huyu ana wajukuu.

Tukaulizana, kati yetu sita, nani anaweza kufanya hivyo. Hakuna. Mwalimu, muuguzi, mwuza mchele, mshonaji, wote wamezaliwa Kindu au karibu, wote wanavuka mto kila juma, na hata mmoja hajui kuogelea. Tukahesabu mabinti zetu: kumi na wanne. Anayejua ni mmoja, na alijifunza kwa kujificha, akapigwa fimbo aliporudi na nywele mbichi.

Hapo ndipo hadithi ya Nyangwe ilipoingia, kwa sababu tulikuwa tumekaa juu ya maji yaliyopita pale. Wengi wanajua jina tu. Nyangwe ni juu yetu, kwenye mto huu huu, upande wa Kasongo, na soko lake lilikuwa kubwa na lilijaa hasa wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na samaki, chumvi, nyungu na kuku. Tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871, watu wa wafanyabiashara ya watumwa walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Livingstone alikuwepo na aliandika aliyoyaona. Watu walikimbilia mitumbwi, lakini ilikuwa imebanana katika kijito na haikuweza kutoka. Wengi walijitupa mtoni, na vichwa vilionekana katika mstari mrefu, kimoja baada ya kingine vikapotea. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400.

Katika maandishi hayo kuna mwanamke mmoja ambaye jina lake halikuandikwa. Mtumbwi mmoja ulitumwa kuokoa walio majini, nao uliwatoa watu 21. Yeye alikataa kupanda. Aliogopa kwamba wanaomnyooshea mkono watamfanya mtumwa, akachagua kuendelea kuogelea. Livingstone anaeleza pia kwamba wanawake wa Kigenya walikuwa hodari wa maji, kwa sababu walizoea kuzamia ili kuokota chaza.

Tulinyamaza. Mke wa papa, aliyekuwa ametoka majini na anajikausha, alisema tu kwamba bibi yake pia alikuwa anazamia.

Tulifikiri sana juu ya mwanamke yule. Hatujui kama alifika ng'ambo. Tunajua kwamba aliweza kuchagua kwa sababu mikono na miguu yake ilijua maji. Sisi leo, kama mtumbwi ukipinduka, hatuna cha kuchagua. Na mitumbwi inapinduka. Hakuna mwaka unaopita katika inchi yetu bila kusikia baleinieri imezama, imejaa kupita kiasi, usiku, na kati ya wanaokufa kuna wamama wafanyabiashara na watoto walio mgongoni. Tunalia, tunaandaa matanga, tunachanga pesa, na binti anayekwenda mtoni tunaendelea kumpiga.

Basi mchana ule tukaanza sisi wenyewe. Mke wa papa alituingiza mahali maji yanafika kifuani, nyuma ya mchanga ambapo hakuna mkondo, baada ya papa kuhakikisha hakuna mamba. Hakutufundisha kuogelea, saa mbili hazitoshi. Alitufundisha kulala mgongoni, masikio ndani ya maji, tumbo juu, bila kupigana. «Maji yanabeba anayetulia,» alisema, na akaweka mkono mmoja chini ya mgongo wa kila mmoja. Muuguzi wetu, mwili mkubwa kuliko wote, ndiye aliyeelea wa kwanza. Mwuza mchele alipiga kelele mara tatu, ya nne akanyamaza, na tukaona mkono wa mke wa papa umekwisha kutoka chini yake bila yeye kujua. Alibaki hivyo, macho mbinguni, kwa muda wa kusali Baba Yetu moja.

Saa kumi na moja tulikuwa katika kijiji cha chini tunangoja chombo cha kutupandisha Kindu. Baleinieri ilifika. Magunia yalikuwa yamepanda kuliko vichwa vya watu, mbuzi juu ya magunia, watoto juu ya mbuzi, na jileti hatukuona hata moja. Usiku ulikuwa unakaribia, na kusafiri usiku kumekatazwa. Mwenzetu mmoja aliacha mtoto wa kunyonya nyumbani na maziwa yalikuwa yanamwuma. Tulimtazama yeye kwanza, kwa kuwa ndiye alikuwa na haki ya kusema. Akasema: «Mtoto anataka mama mzima.» Tukaiacha ipite. Tulikodi pikipiki tatu, tukafika saa mbili za usiku tukiwa wekundu kwa vumbi, na mtoto akanyonya mpaka akalala.

Sasa tuseme tunachotaka. Kiangazi hiki maji ni ya chini na vakansi ni ndefu. Mke wa papa amekubali kuja siku za posho, kabla ya jua kali, kufundisha mabinti toka miaka minane na mama yeyote anayetaka, nyuma ya mchanga ulio karibu na ukingo, mtumbwi wa papa ukilinda. Tunampa kitu kidogo kila mmoja, kama tunavyompa msusi wa nywele. Mwenye jileti nyumbani aje nayo. Mwenye haya avae kikwembe na blauzi. Maji hayachagui nguo.

Tutazungumza jambo hili kwenye mkutano wa juma lijalo, baada ya likelemba. Mnaokataa, njoo mkatae mbele yetu, tusikie sababu. Mnaokubali, njoo na majina ya mabinti wenu. Nasi sita tumekwisha kuandika majina ya kumi na wanne wetu, pamoja na yule aliyepigwa fimbo. Yeye atakuwa msaidizi wa mwalimu.