Mtoto Mwenye Akili Nyingi Afundishwe Wapi?

Wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwaletea neno lililotushughulisha nyumbani kwetu likizo yote iliyopita. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 10, ana akili ya hesabu iliyozidi umri wake. Je, aendelee na shule pamoja na wenzake, au atolewe afundishwe nyumbani na mjomba wetu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu mpaka akastaafu?

Jambo hili lilianza katika ile miaka ambayo watoto wa Uganda walikaa nyumbani. Mtakumbuka ya kuwa shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi darasani sawasawa mpaka Januari 2022. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano zilipofungwa. Mjomba hakuwa na kazi ila shamba lake la ndizi, basi kila asubuhi akamkalisha barazani na ubao mdogo. Shule zilipofunguliwa mtoto alikuwa akisoma gazeti na kugawanya namba kubwa, tena akimshinda Mjomba mchezo wa dama. Akatiwa darasa la kwanza, ambako wenzake walikuwa wakianza a, e, i, o, u.

Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa kungoja. Darasa lake la nne lina watoto zaidi ya tisini, na akimaliza hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni, hutumwa kuleta chaki. Simlaumu mwalimu, mtu mmoja kwa watoto tisini afanyeje? Lakini nimeyaona madaftari yake. Pembeni amechora kuku, ukurasa baada ya ukurasa.

"Dada, mtoto huyu mnamchelewesha bure," Mjomba alimwambia Mama. "Nipe mwaka mmoja tu."

"Kaka, hesabu utampa, sina shaka," Mama akajibu. "Na wenzake utamtolea wapi?"

Katika maktaba yetu nilisoma habari za John Stuart Mill, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1806, ambaye baba yake alimfundisha nyumbani. Alianza Kiyunani akiwa na miaka mitatu na Kilatini akiwa na minane. Watu husimulia sana habari ya umri huo. Mimi nilistaajabia zaidi baba. James Mill alikuwa akiandika historia kubwa ya India, na mtoto alisoma kwenye meza ile ile. Kamusi ya Kiyunani kwa Kiingereza haikuwapo, basi kila neno asilolijua alimwuliza baba, naye baba akaacha kalamu akamjibu. Ni wazee wangapi wawezao kufanya hivyo kila siku, miaka nenda miaka rudi? Mill mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1873, alisema kwamba malezi yale yalimweka mbele ya watu wa rika lake kwa miaka 25. Lakini asema pia ya kuwa alizuiwa asichanganyike na wavulana wengine, na kwamba alipotimiza miaka 20 alipatwa na huzuni kubwa. Sisemi huzuni ile ilitoka katika kusomea nyumbani. Yeye aliilaumu zaidi desturi ya kuchambua kila kitu hata moyo ukakauka.

Nilipomweleza Mjomba haya alicheka, akasema yeye si James Mill na shamba la ndizi si historia ya India. Ni kweli. Lakini presha humlaza mara kwa mara, na siku hizo shule yake ingekuwa imefungwa.

Kisha kuna habari ya mpira. Jioni watoto hucheza mpira wa majani makavu ya migomba, na mdogo wangu ndiye mbovu kupita wote. Humweka golini katikati ya mawe mawili, humzomea, na kesho humwita tena. Hapo tu ndipo hakuna amwitaye profesa. Barazani kwa Mjomba angekuwa wa kwanza kila siku, kwa kuwa yupo peke yake.

Basi nilipoulizwa, mimi nikiwa mkubwa wa watoto, niliwatajia Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Huyu hakutolewa shuleni, wala hakuachwa angoje. Akiwa bado mdogo sana alikwenda shule ya sekondari kwa hesabu, na sehemu nyingine ya siku akakaa na watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2006 alipewa medali ya Fields, heshima kubwa sana kwa watu wa hesabu. Nikasema, tumwombe mwalimu mkuu mtoto aingie darasa la saba saa za hesabu tu, na Jumamosi awe wa Mjomba.

Mwalimu mkuu amekubali kwa muhula mmoja. Siku ya kutembelewa Mama alinieleza kwamba anakaa benchi la mbele, miguu haifiki chini. Katika jaribio la kwanza alipata 23 kwa 50. Jioni ile alichukua daftari akaenda kwa Mjomba bila kutumwa, wakakaa mpaka usiku. Mjomba hajakubali kwamba ameshindwa. Asema muhula haujaisha.