Ziwa lililoumeza mti wangu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami watoto walipofunga shule mwezi wa Agosti, niliona heri marejeo yangu yawe Ziwa Baringo.

Nilifika huko mara ya kwanza mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa darasa la saba. Walimu walitupigia hema chini ya mgunga mkubwa ufuoni. Tangu niolewe na kujaliwa watoto wawili, nimewasimulia habari za mti huo hata wakaujua kana kwamba ni jamaa yetu. Niliwaahidi kuwa siku moja tutalala chini yake.

Tulitoka Nairobi alfajiri, tukanywa chai Nakuru, kisha tukashika barabara ya Marigat, mwendo wa karibu kilomita 100. Mogotio tulisimama penye alama ya Ikweta. Kitinda mimba wetu aliruka huku na huku akijigamba kuwa mguu mmoja uko kaskazini na wa pili kusini. Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi. Kando ya njia, akina mama walituuzia asali ndani ya chupa.

Tulipofika Kampi ya Samaki nilishikwa na butwaa. Njia niliyoikumbuka ilizama majini mbele ya macho yangu. Nilimweleza mzee mwenye kambi, mtu wa jamii ya Ilchamus, kuwa nautafuta mgunga fulani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyosha kidole ziwani.

"Huo unaouuliza, mama, ni mmojawapo wa ile."

Mbali na ufuo ilisimama miti mikavu, myeupe kama mifupa, maji yameizunguka. Ndege walikuwa wametua kwenye matawi yasiyo na jani.

"Mama, sasa tutalala wapi?" kitinda mimba akauliza. Sikuwa na jibu. Baba watoto alijitia kufungua buti la gari.

Ndugu msomaji, maji ya Baringo yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza nyumba, shule, zahanati, hoteli na mashamba. Ziwa lililokuwa na eneo la kilomita mraba zipatazo 130 lilikaribia 200. Wataalamu wanataja mvua nyingi katika nyanda za juu, udongo unaosombwa na mito hadi ziwani, na hata misukosuko ya ardhi ya Bonde la Ufa.

Jioni tulipokuwa tukisonga ugali, nilimwambia mzee jinsi nilivyosikitika kuukosa mti wangu. Alitabasamu.

"Nyuma ya mti huo ndipo ilipokuwa nyumba yangu," alisema. "Nimehama mara mbili. Mbuzi walizoea upesi. Mimi bado."

Niliona haya. Mimi nililia kivuli cha siku mbili, ilhali mwenzangu alipoteza boma. Nilimwomba radhi, akaniambia radhi ya nini, na akatuongezea kuni.

Usiku ndipo vituko vilipoanza. Viboko walitoka majini kula nyasi, wakawa wanatafuna hatua chache kutoka hemani. Saa nane kitinda mimba alibanwa na haja ndogo. Askari wa kambi alikuwa ametuonya kuwa mtu asikanyage nje viboko wakiwa karibu. Basi ile ndoo tuliyobebea viazi ikapata kazi mpya, na dada yake akacheka hadi baba yao akakemea.

Asubuhi mjukuu wa mzee alitupeleka kwa boti hadi kwenye miti ile. Nilichagua mmoja uliofanana na wangu. Watoto waliugusa gome, kimya. Ahadi yangu niliitimiza nusu.

Siku hiyo tulipanda milima ya Tugen kwa barabara ya kona nyingi hadi Kabarnet, kulikojaa ubaridi mtamu. Humo mjini mna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1996 katika nyumba aliyokuwa akiishi Mkuu wa Wilaya. Watoto walitazama vibuyu vya maziwa na vyombo vya jamii za Bonde la Ufa, na kujifunza habari za ziwa lenyewe.

Hapo niliwakumbusha kuwa ni katika milima hii ambapo mwaka 2000 wataalamu walipata mifupa ya kiumbe waliyemwita Orrorin, aliyeishi miaka ipatayo milioni 6 iliyopita. Tena mifupa hiyo ilitoka katika matabaka ya udongo yaliyoachwa na ziwa la kale na mito yake.

Kifungua mimba alifikiri kidogo. "Kumbe hata huku juu palikuwa na ziwa! Basi ziwa nalo huhama. Lakini yule babu atahamia wapi tena?"

Swali hilo tulirudi nalo Nairobi. Wakubwa wanaopanga mambo ya nchi ndio wanaopaswa kulijibu, maana ziwa halisomi hati ya shamba.

Ukitaka kwenda, beba maji ya kunywa, tochi, chandarua na kofia. Usioge ziwani, kwani mamba wamo, na usitembee ufuoni usiku. Makumbusho ya Kabarnet usiyapite, maana ziwa ulilolitazama jana utalielewa zaidi huko. Zaidi ya yote, keti na wenyeji uwasikilize.

Nyumbani, kitinda mimba alichora mti katikati ya maji. Chini yake alichora hema, na kando ya hema, nyumba ya yule babu.