Kikohozi Nilichotoka Nacho Balad

Kwa miaka mingi nilimwambia mke wangu kwamba kikohozi changu ni vumbi la Kampala. Haikuwa kweli, na nilijua kilikoanzia.

Mwaka 2007, nikiwa nimeshatoka jeshini, nilipanda ndege Entebbe kwenda Iraq kulinda kambi ya Wamarekani ya Balad, kaskazini mwa Baghdad. Waganda tuliokwenda kulinda kambi za nchi ile tulikuwa maelfu. Mnara wangu ulielekea shimo la kuchomea taka. Chupa za plastiki, matairi, betri, taka za hospitali, vyote viliteketezwa pale kwa mafuta ya ndege, usiku na mchana. Upepo ukigeukia kwetu, nilijifunga kitambaa cheupe alichonipa mama. Jioni nikikikunjua, nakuta madoa mawili meusi, usawa wa matundu ya pua. Nakifua, kesho yamerudi.

"Vumilia, afande," tuliambiana. Karo za watoto zilikuwa zinangoja.

Nilirudi, nikajenga Kireka. Kifua kikaanza kunibana kila nikipanda kilima cha nyumbani. Nilikunywa mitishamba, nikaomba Mungu, nikanyamaza. Niliona kulalamika ni kuitukana kazi iliyonipa nyumba.

Agosti 2022 nikasikia redioni kwamba Rais Biden ametia saini sheria ya PACT, ya kuwahudumia askari wao waliovuta moshi ule. Nililia. Kumbe ugonjwa huu unajulikana!

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenifumbua macho. Sheria ile haitugusi sisi tuliokwenda na makampuni. Yetu ni Defense Base Act ya mwaka 1941: inamlazimu mwajiri mwenye kandarasi ya jeshi la Marekani ng'ambo kuwakatia wafanyakazi wake bima, hata wasio Wamarekani. Ugonjwa uliotokana na kazi hudaiwa ndani ya miaka 2 tangu utambue kwamba kazi ndiyo chanzo.

Wiki ileile nilikwenda kupima mapafu. Kwa mara ya kwanza nilimtajia daktari Balad, naye akaandika kwenye faili. Nikautoa mkataba wangu chini ya kitanda, nikapeleka madai. Jibu bado nalingoja. Lakini dawa ya kuvuta naitumia asubuhi na jioni, na mke wangu anaujua ukweli.

Ndugu yangu uliyelinda Iraq, tafuta mkataba wako. Na ukifika kwa daktari, usianze na kikohozi. Anza na moshi.