Bei Iliyoandikwa

Tuliingia katika duka kubwa moja mjini Lubumbashi tukiwa na mchango wetu wa kuwazuru wagonjwa. Rafu zilikuwa zimeshika kutu, na kibao cha sukari kilining'inia juu ya sabuni. Tulicheka. Kisha tukahesabu kwa kufuata vibandiko vya bei, tukaona fedha zinatosha wagonjwa watano.

Kwenye kasa hazikutosha. Kijana wa kasa alitueleza kwa upole kwamba dola imepanda, na vibandiko vya mafuta, vilivyoandikwa kwa faranga, havijabadilishwa.

Hapo zamani muuzaji alisimama nyuma ya meza, akaitaja bei kwa kinywa chake. Mwaka 1916, huko Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka ambamo mnunuzi alijichukulia bidhaa mwenyewe, kila moja ikiwa imeandikwa bei. Katika maduka ya namna hiyo kibandiko kimeshika nafasi ya kinywa. Mama wa sokoni akiigeuza bei aliyokwisha kuitaja, majirani humsuta. Karatasi haisutwi.

Tungeweza kudai bei iliyoandikwa. Tuliona haya, foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yetu mzee mmoja alishika chupa ya mafuta yaleyale, na noti zake zilizokunjwa mkononi. Hatukumwambia lolote. Tulirudisha chupa moja na sabuni mbili, tukatoka.

Hospitalini wagonjwa wanne walipokea. Kitanda cha tano tulikipita tukisalimu tu.