Wasomi wanapopanga kwenda kunywa bia

Jamani, kama hujawahi kuwaona wasomi wakipanga kwenda kunywa, bado hujaona kikao. Ijumaa hii tunakwenda kuonja bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa mapipa machache na mtu anayejua kila pipa lina nini. Tuko sita: wanne wanafundisha chuo hapa Dar es Salaam, mmoja anamalizia udaktari wake, na mimi mwandishi wa habari niliyejipenyeza kwa tiketi ya kusoma shahada ya pili jioni. Swali lilikuwa dogo tu, twende wapi na saa ngapi. Limekula vikao vitatu.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye jina. Mwanaisimu aliikataa "bia ya ufundi". Akauliza, kwani ile ya viwanda vikubwa hupikwa na watu wasiojua kazi? Akapendekeza "bia ya kiwanda kidogo". Mwanahistoria akadakia: kidogo kwa kulinganisha na nini? Saa nzima ikapotea, na hakuna aliyekuwa amegusa hata soda.

Cha pili kilitafuta uhalali wa kitaaluma. Mtakwimu akasema tuna deni na bia. William Sealy Gosset, aliyebuni lile jaribio la t linalotutoa jasho kwenye tasnifu, alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha Guinness mjini Dublin, na makala yake ya mwaka 1908 aliichapisha kwa jina la kujificha, Student. Mkemia naye hakukubali kuachwa nyuma: kipimo cha pH kilitoka mwaka 1909 kwa Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Ikaonekana kwenda baa na kwenda maktaba ni mamoja. Hoja ikapita bila kupingwa.

Cha tatu ndicho kilichotunyamazisha. Bei. Bia hizi haziuzwi kwa bei ya dukani kwa Mangi. Mtakwimu akasema rahisi tu, bili tuigawe kwa sita. Yule anayemalizia udaktari akajibu taratibu kwamba Ijumaa yuko bize.

Ninalijua neno hilo. Sisi tunaolipwa kwa kila habari inayotoka hulitumia sana mwezi unapokuwa mrefu. Mkataba wake wa kufundisha uliisha, na tangu hapo amekuwa bize kila tunapotaja mahali penye bili. Ukigawa kwa sita unapata wastani mzuri kabisa, ila wastani haukuambii nani kalala njaa. Hakuna aliyemsemesha, maana ukimwambia mtu mzima "nitakulipia" mbele za watu unaweza kumpoteza moja kwa moja.

Aliyetuokoa ni mwanahistoria, mtoto wa Kilimanjaro. Akauliza, hivi mbege ni nini kama si hiyo hiyo bia tunayoitafuta? Ndizi mbivu zinachemshwa, unaongezwa ulezi ulioota ukasagwa, na magome ya msesewe yanatia uchungu kama hopsi zinavyofanya kwa Wazungu. Inapikwa kidogo, inanyweka ikiwa mbichi, na bibi yake hakuhitaji lebo yenye picha ya pundamilia ili kuiuza. Halafu kata moja hupita mkono kwa mkono.

Basi maazimio ni haya:

1. Saa 11 jioni, tunaanzia kwenye bia ya bei mbaya. Glasi mbili kwa watu sita, za kuonja na kubishania.

2. Kuanzia saa 1 usiku tuko kilabuni kwa mbege. Kila mtu analipa anachokunywa, na wa soda asiulizwe sababu.

3. Hakuna kuendesha gari. Bajaji zipo.

4. Atakayetamka neno "mbinu za utafiti" ananunua kata inayofuata.

Dakika tano baada ya maazimio kupita, yule bwana akasema ameangalia ratiba yake upya. Ijumaa yupo.