Mihrabu ya Qairawan na Mabakuli ya Msikiti Wetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu akazipamba kwa nyota, na aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akamfundisha kuufinyanga udongo huo huo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia safari niliyokwenda katika mji wa Qairawan, katika nchi ya Tunisia. Lakini safari hiyo haitafahamika nisipokueleza kwanza jambo lililotokea kwetu kabla sijaondoka, nami katika jambo hilo ni mwenye kulaumiwa.

Katika msikiti wa kijiji chetu, kaskazini ya Tanga, mna mihrabu ya kale iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Juu ya tao lake wazee wetu walipachika mabakuli matano ya kauri za Kichina, matatu ya kijani na mawili meupe yenye maua ya buluu. Tulipokuwa tukitengeneza dari, likazuka shauri la kuyang'oa mabakuli hayo na kubandika vigae vipya vya kiwandani toka chini hata juu. Mimi nalikuwa miongoni mwa waliolikubali shauri hilo. Bali nalisema mbele ya wazee kwamba bakuli ni chombo cha kulia, si chombo cha kusalia. Fundi akapanda ngazi, akaanza na bakuli la kwanza, nalo likavunjika vipande mikononi mwake, kwa kuwa chokaa ya wale wa kale ilikuwa imelishika barabara. Tukaona bora tungoje mpaka Idi ya Mfunguo Tatu ipite, apatikane fundi mwenye vyombo vizuri zaidi.

Katika muda huo wa kungoja, kijana mmoja niliyemwanzishia alifu na bee, ambaye sasa anasoma Tunis, aliniletea nauli akaniandikia: "Maalim, njoo uione nchi hii kabla sijamaliza masomo yangu." Nikamshukuru Mungu, nikaenda.

Toka Tunis hata Qairawan ni mwendo wa kilomita kama 160 kuelekea kusini. Tulipanda gari ya abiria wanane, ambayo haiondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, tukapita mashamba ya mizeituni yasiyo na mwisho, kisha ardhi ikawa kavu na wazi. Mji huu uliasisiwa na Uqba bin Nafi katika mwaka 50 wa Hijra, yaani 670, nao ukawa kituo cha Uislamu katika nchi za Maghribi. Hauna mto wala bahari. Kwa sababu hiyo watawala wake wa ukoo wa Aghlab walichimba mabirika makubwa ya kuwekea maji nje ya mji, nayo yapo mpaka leo. Birika kubwa kuliko yote lina mviringo ambao upana wake ni karibu mita 128, nalo lilikamilika mwaka 248 wa Hijra, yaani 862, katika siku za Amiri Abu Ibrahim Ahmad. Likumbuke jina la amiri huyu, maana tutarejea kwake.

Msikiti Mkuu wa Qairawan ukiutazama kwa nje hufikiri kuwa ni ngome. Kuta zake ni nene, na mnara wake wa tabaka tatu umesimama kama askari wa zamu. Sehemu kubwa ya jengo tulionalo ni kazi ya Amiri Ziyadat Allah, aliyeujenga upya mwaka 836. Ua wake ni mpana, umetandikwa mawe, nao umeinama kidogo kuelekea katikati ili maji ya mvua yateremke katika birika lililo chini ya ardhi. Ndani mna safu nyingi za nguzo za marumaru zilizotolewa katika majengo ya Warumi yaliyobomoka. Nguzo nyingi hazifanani, lakini zote zinabeba dari moja. Nikamwambia kijana wangu, "Tazama, hii ndiyo jamaa."

Tukasogea mbele hata tukafika kwenye mihrabu. Tumbo lake limefunikwa kwa mbao za marumaru zilizotobolewa nakshi, na kuba lake dogo ni la mti uliochorwa matawi ya mizabibu. Na juu, kulizunguka tao, vimepachikwa vigae vya udongo zaidi ya 130, kila kimoja mraba wa upande kama sentimita 21, navyo vimesimamishwa kwa pembe. Vimechorwa majani, makuti, mabawa, vitone na miraba midogo. Hamna sura ya mtu wala ya mnyama.

Kwa kweli, nilipovitazama mara ya kwanza sikuona ajabu. Vilikuwa na rangi ya kahawia kama chai iliyokolea. Kijana akanishika mkono akaniambia, "Maalim, usisimame hapo. Tembea polepole kuelekea kulia, huku unatazama." Nikafanya hivyo. Subhana-llah! Kigae kilichokuwa cha kahawia kikageuka dhahabu; hatua moja tena, kikawa chekundu kama shaba iliyosuguliwa; cha pili yake kikatoa kijani kama cha shingo ya njiwa, kisha kikazima. Havikung'aa vyote pamoja. Kilizima hiki kikawaka kile, kama nyota zinavyochungulia katika wingu jepesi.

Nikauliza dhahabu hiyo ilinunuliwa kwa kiasi gani, nikaelezwa kwamba hamna dhahabu hata chembe. Nami nitakueleza kazi hiyo jinsi ilivyo, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo.

Mfinyanzi hutengeneza kigae chake akakichoma katika joko mara ya kwanza. Kisha hukipaka maji ya kioo yaliyochanganywa na madini ya bati, akakichoma tena, kikatoka cheupe na kuteleza. Hapo ndipo huchukua madini ya shaba nyekundu na ya fedha, akayasaga pamoja na udongo wa manjano na siki, akachorea majani na maua yake. Ule uchoraji ukiutazama wakati huo ni matope tu. Kisha hukirudisha motoni mara ya tatu, lakini moto huu si mkali kama ile miwili. Na joto likishafika kiasi chake, huziba matundu ya joko ili moto ukose pumzi, ujae moshi. Moshi ule hunyang'anya ile hewa ya oksijeni iliyoshikana na shaba na fedha, zikabaki chembe ndogo mno za madini matupu ndani ya ngozi ya kile kioo. Tabaka lenyewe halifiki unene wa sehemu moja katika elfu ya milimita. Kigae hutoka joko kimejaa masizi, na anayekitazama hudhani kimeharibika. Mfinyanzi hukisugua kwa kitambaa, na chini ya masizi ndipo mng'ao hutokea. Moshi ukizidi, rangi hufa, ukipungua, haizaliwi. Vingi huharibika ili kimoja kipatikane.

Kazi ya kuchora mng'ao huu ilianza juu ya vyombo vya kioo katika Misri na Sham, katika karne ya pili ya Hijra. Mafundi wa Iraki ndio walioitia juu ya udongo katika karne ya tatu, na wataalamu waliochunguza udongo wa vyombo hivyo wameona kuwa ulitoka Basra. Toka huko elimu hiyo ikahamia Misri, ikaenda Kashan katika nchi ya Uajemi, ambako katika karne ya kumi na tatu na ya kumi na nne miladia mafundi walitengeneza vigae vyenye umbo la nyota ya ncha nane, vikafunika kuta nzima. Na magharibi ikafika Malaga katika Andalusi. Ibn Battuta, yule aliyeingia Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Malaga pia baadaye, naye ametaja vyombo vya Malaga vyenye rangi ya dhahabu na jinsi vilivyosafirishwa nchi za mbali.

Sisi Waislamu tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) ametukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Wako wasemao kwamba ndiyo sababu mafundi wakatafuta uzuri huu katika udongo. Nami sitaapa kwa hilo, kwani mioyo ya mafundi waliokufa anaijua Mola wao. Lakini hapana shaka kwamba mwenye chombo hiki alipata mng'ao wa dhahabu pasipo kuvunja katazo, na pasipo kuzuia mezani mali ambayo ingemfaa maskini.

Sasa turudi kwa Amiri Abu Ibrahim Ahmad, aliyetawala toka mwaka 856 hata 863. Wanahistoria wa Qairawan wamepokea kwamba vigae hivyo viliagizwa kutoka Iraki kwa ajili ya ukumbi wa amiri wa kupokelea wageni, na kwamba pamoja navyo zililetwa mbao za msaji ili zichongwe ala za muziki ziitwazo udi. Kisha amiri akaigeuza nia yake. Vigae akavitia katika mihrabu, na mbao akazifanya mimbari. Na mimbari hiyo ingalipo kando ya mihrabu, imeungwa kwa vipande zaidi ya 300 vilivyochongwa, nayo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko mimbari zote zilizobaki duniani. Ukumbi ule wa amiri hauna hata tofali linalokumbukwa. Kilichotolewa kwa ajili ya Mungu ndicho kilichobaki.

Tulisali Magharibi hapo. Wenzetu wa huko ni wa madhehebu ya Maliki, husali mikono imeshuka ubavuni, na imamu wao alisoma kwa kisomo cha Qalun, si cha Hafs tulichokizoea. Lakini Fatiha ni ile ile na kibla ni kile kile. Nilikuwa na hofu moja moyoni. Wanazuoni wetu wa Shafi wamechukia mapambo yamshughulishayo mwenye kusali, na hoja hiyo ndiyo niliyoitumia kijijini kuyahukumu mabakuli yetu. Basi katika sala ile niliyaelekeza macho yangu mahali pa kusujudia, kama inavyopasa, nami sikuviona vigae hata mara moja. Vimewekwa juu. Avionaye ni yule aliyemaliza sala yake akainua uso, au yule ambaye macho yake hayakuwa katika sala tangu mwanzo. Na huyo hata ukuta mweupe haumponyi.

Tulipotoka uani, usiku ulikuwa umeingia na mbingu zimejaa nyota. Nikakaa juu ya mawe yale, nikakumbuka vipande vya bakuli letu vilivyofagiwa pamoja na vumbi. Nilijiona mdogo sana.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba wazee wetu waliiga Qairawan. Lakini bahari ilituunganisha na mafundi hao tangu zamani. Katika Shanga na Manda, kwenye visiwa vya Lamu, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vipande vya vyombo vilivyotoka Iraki na Ghuba katika zama zile zile za vigae vya Qairawan. Na wazee wetu wa pwani, wa nyakati za baadaye, walizipachika kauri katika mihrabu ya msikiti mkuu wa Gedi, katika nguzo ya kaburi la Mambrui, na katika makaburi ya Kunduchi. Katika mahali pengi leo utaona tundu la mviringo tu, kauri yake imekwisha kung'olewa. Wale walikuwa na chombo kizuri kilichovuka bahari, ambacho wangeweza kukilia wali. Wakakitia katika nyumba ya Mungu. Mimi nilisema kuwa bakuli si chombo cha kusalia, nikasahau kwamba mtoaji alilijua hilo kuliko mimi.

Niliporejea nilikwenda kwa wazee baada ya sala ya Ijumaa, nikawaambia kwamba nalikosea, nikawaomba radhi. Mmoja akacheka akasema, "Maalim, umekwenda hata Tunis ili kuliona lililo juu ya kichwa chako?" Nikamjibu kuwa ndivyo hasa. Wakakubali mabakuli manne yabaki. Vigae vya kiwandani vimewekwa mahali pa kutawadhia, ambapo ndipo panapofaa, kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Tundu la bakuli la tano halikuzibwa. Wanafunzi wangu huniuliza habari zake, nami huwaeleza bila ya kuficha jina la mkosaji.

Basi nawausia ndugu zangu: kabla hamjatoa chochote msikitini, ulizeni kwanza nani alikitia na kwa nia gani. Na nyinyi mama zetu, mkiwa na bakuli au sahani ya bibi iliyofungiwa kabatini, iosheni, waonyesheni watoto, waambieni imetoka wapi. Sote tumeumbwa kwa udongo, na kama kile kigae tunapita katika moto na moshi. Tusikate tamaa kwa masizi yaliyo juu yetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atusamehe tuliyoyavunja kwa mikono yetu. Amin.